Mlango wa Pazia

Bi Mwanamvua aliileta imefungwa kwenye kanga,
kamba ya katani mahali pa mpini.
"Ina mtu," akasema. "Pale pasipo na stesheni,
usiku, anaita majina. Sikuja kwa dua,
dua nimeshasomewa. Nataka fundi."

Nikaiwasha. Kweli: mshale umekaa patupu
na mtu anaita, Sekiondo… Mwanaheri… Kibwana…
nyuma yake mbinja nyembamba,
kama birika linalokaribia kuchemka.

Mama, redio hii haisikii. Inapima umbali.
Ndani mna koili inayotetema bila kukoma,
daima kilohezi mia nne hamsini na tano
juu ya kile unachokitafuta,
na kinachofika kwenye spika ni ile tofauti.
Sasa wewe mtu wa Ngamiani:
simama Barabara ya Kumi, nikuambie
"nenda barabara mbili kutoka hapo."
Utabisha hodi ya Nane, au ya Kumi na Mbili?
Nayo haijui. Inawafungulia wote.

Aliyeiunda alibana koili moja, ya mbele,
ya kumuuliza mgeni katoka upande gani.
Koili moja! Bei ya chapati mbili na chai.
Mlango akauachia pazia.

"Na mbinja?"
Mbinja ni yake mwenyewe.
Mtetemo wake umezunguka nje,
ukarudi kwa antena yake, akauona mgeni.
Nyani na kundule, mama.

Akacheka kidogo. "Basi huyo mtu hayupo."

Yupo. Ila si pale.
Nikasogeza mshale mbele, upana wa kucha,
akatoka mzima mzima, sauti ya kijana aliyeshiba:
kadi za salamu. Sekiondo wa Maramba anawasalimu
Mwanaheri wa Makorora, na Kibwana popote alipo,
ujumbe, maji yakimwagika hayazoleki.

Bi Mwanamvua akaitazama spika.
"Mwaka mzima," akasema, "nimekuwa nikiitikia."

Jioni nikaichomelea koili,
waya wa shaba, mizunguko kumi na minane,
nikafunga skrubu tatu, ya nne ilishapotea.

Akaja Ijumaa. Hakutafuta stesheni yoyote.
Alirudisha mshale pale pale patupu,
akainama, sikio nusura liguse kitambaa cha spika.
Hamna. Mvumo tu, kama mchele unaopepetwa.

"Umefunga vizuri," akasema,
kwa sauti ya mtu anayedai chenji yake.