Alama ya Maji

Watu sabini wanazungusha jeki kwa kipenga kimoja:
robo, tena robo.
Nyumba ya Bi Ottilie inapaa Galveston
naye yumo ndani, akikaanga vitunguu.

Chini, bomba latapika mchanga wa bahari,
uleule uliomfukia Emil.
Maji yakimwagika hayazoleki;
mchanga, kumbe, huzoleka,
hubebeshwa mji.

Fundi wa rangi kaja na ndoo:
"Mama, huu mstari wa maji ukutani, niufute?"
Uache.

Jana aliupima: begani.
Leo, futi saba juu zaidi,
mtini wa uani umeshakufa kwa chumvi,
majirani wakipita juu ya mbao nyembamba,
amesimama tena ukutani.
Mstari nao umepanda,
begani palepale.