Kaptula ya Saa Mbili Asubuhi

Kwenye karatasi wameandika: nguo pana,
goti lionekane. Saa mbili asubuhi, Nyawera.
Leta picha ya radio. Leta magongo.
Hawakuandika mtu afanye nini na aibu yake.

Miaka ishirini na sita nimewapima wake za watu Kadutu hii,
kiuno, kifua, mapaja, utepe shingoni,
na hakuna aliyewahi kuniambia:
Mama Nsimire, sasa vua wewe.

Mguu wenyewe uko hapa, umelazwa kwenye kiti cha pili.
Walipokata plasta niliuliza huu ni wa nani.
Umekonda, umeota vinyweleo, ngozi inapukutika
kama chokaa ya ukuta uliopigwa mvua.
Wa kushoto unautazama
kama mke aliyeletewa mtoto wa nje.

Nsimire amenikata kucha. Amenisugua kisigino kwa jiwe
huku akinung'unika: huyo mtu anatibu goti, mama, si kisigino.
Nikamwambia mgeni hakai sebuleni tu,
macho yake hufika hadi jikoni.

Radio iko kwenye bahasha, juu ya kabati.
Nimeiinua mara tatu mbele ya mwanga wa simu,
maana umeme umekatika tangu Jumatatu:
mfupa wangu, mweupe, na mstari pale ulipopasuka,
kama mshono wa mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Cibalonza wa nyumba ya chini alikuja na mashauri.
Kiwiko chake kilipita mikononi mwao mwaka jana.
"Watakuuliza maumivu ni ngapi, sifuri hadi kumi.
Sema tisa. Ukisema nne watakurudisha na dawa ya kupaka."

Basi usiku huu nayapima.
Kumi naijua: Nsimire alitanguliza miguu,
barabara imefungwa, mkunga ng'ambo ya pili.
Tisa niliizika. Sisemi zaidi.
Hili la ngazi, la bidoni na tope la Aprili,
mchana ni tano, usiku linapanda saba,
likisikia mvua linaanza kuongea peke yake.
Nitasema ukweli. Fundi akidanganya kipimo
nguo itamuumbua.

Kutoka mlangoni hadi barabarani ni ngazi tisini na nne.
Ya arobaini na moja haipo, mvua iliila,
na ndiyo niliyoikanyaga.
Murhula anasema atanibeba.
Nimemwambia huo mgongo wako nao unasubiri karatasi yake.
Tutatoka saa kumi na moja, kabla watu wa maji hawajapanda,
nishuke kwa makalio kama mtoto,
asiwepo mteja wa kunisalimia.

Kuna neno nimelikariri, nisilisahau nikishavuliwa:
sitaki kukimbia. Sitaki hata kucheza harusini.
Nataka mguu wa kulia ukanyage, uachie, ukanyage,
dakika kumi tu mfululizo.
Cherehani yangu ni ya kukanyaga.
Imenyamaza wiki kumi na moja,
na sare za kwaya ya kina mama zimebaki vipande,
mikono isiyo na mabega, kola kumi na nane kwenye mfuko wa sukari.
Juzi mwenyekiti wao alinitumia pole,
na baada ya pole akaniuliza tarehe.

Ndiyo maana kaptula hii nimeishona kwa mkono.
Kitambaa ni kipande kilichobaki cha pazia, maua ya njano.
Upande wa kulia ulinyooka.
Nilipofika wa kushoto tochi ikaisha betri,
nikaendelea kwa vidole, nikipapasa,
na mshono ukazungukazunguka
kama njia ya kupandia Funu.

Goti aliguse anavyotaka, alikunje, alinyooshe,
nitakaza meno.
Ila nikimwona kine anautazama mshono
nitamwahi:
huo, baba, niliushona gizani.
Si kazi yangu ya kawaida.