Nilichovunja

Wasichana, wanasema, huvunja ungo.
Sisi je? Hakuna aliyeniambia.
Mimi nilivunja sauti, Jumanne, darasa la saba,
nikiwasomea wenzangu habari za Ziwa Katwe:
neno "chumvi" likaanza kama jogoo
likaishia kama mlango wa ghala.
Darasa zima lilicheka. Hata mwalimu Thembo
aligeukia ubao, mabega yakamtetemeka.

Naitwa Kule. Kwetu Wakonzo
ni jina la mwana wa kiume wa nne,
lakini watoto waliotoka Bwera na Kiswahili cha mpakani
wamenitungia:

    Kule, Kule, yuko kule,
    kichwa huku, guu kule,
    pua imefika shule,
    mwenyewe bado yu kule.

Hawajakosea. Pua imetangulia.
Suruali hii Baluku alimwachia Bwambale,
Bwambale akamwachia Masereka, Masereka akaniachia mimi
na viraka vitatu, kimoja kwa kila kaka.
Krismasi nilikuwa nakunja pindo mara mbili.
Pasaka hii vifundo vya miguu viko nje vinaota jua,
na hakuna wa tano wa kumrithisha.

Nina kipande cha kioo cha pikipiki.
Hunionyesha kwa mafungu, kama nyama buchani.
Leo kidevu.
Kesho paji na chunusi zake, kumi na tisa,
ambazo mama mdogo Biira amenikataza kuzitumbua:
"Uso si njegere."
Nusu mche wa sabuni ya kufulia, kwa ajili ya kwapa,
nauficha chini ya godoro kama mwizi.

Masika, tunayekaa dawati moja,
anavaa sweta jua la Kasese likipasua bati.
Anakunja mabega
kana kwamba amebeba kuni tusizoziona.
Hatusemeshani kama zamani.
Jana alinisogezea kifutio bila kuniangalia,
nami nikashukuru kwa sauti mbili.

Mama yuko Muskat, analea watoto wa watu.
Yeye yuko kule, mimi ndiye Kule;
mzaha huo niliutunga mwenyewe, sijamwambia mtu.
Hupiga Ijumaa, simu ya mama mdogo, mtandao ukikubali.
Ijumaa tatu nilijifanya nimeenda kuteka maji.
Ya nne nikashikwa.

"Nipe Kule."
"Ni mimi."
"Masereka, acha utani, salio linakwisha. Nipe mtoto."
"Mama. Ni mimi."

Kimya. Upande wake palikuwa na mtoto analia.

"Jino lako la kwanza ulilipoteza wapi?"
"Darajani, Nyamwamba. Nilikuwa nakula muwa.
Ukaniambia nilirushe juu ya bati,
likaviringika, likarudi chini,
ukalirusha wewe."

Nikamsikia akivuta pumzi
kama mtu anayejitwika ndoo.
"Umefika wapi?" akauliza,
na nilijua haulizi njia.
Gomesi lake lipo bado kwenye msumari, nyuma ya mlango.
Nikasimama kando yake.
Mabega ya gomesi yalinifika kifuani.
"Nimekukaribia," nikasema. Sikutaka kusema nimekupita.

"Na shati nililotuma, la bluu?"

Lilifika. Mikono yake inaishia kwenye viwiko,
kifungo cha juu na tundu lake hawakutani kabisa,
kama ndugu waliogombania shamba.
Alinunua shati la mtoto aliyemwacha,
akalikunja vizuri, akatia na peremende ndani ya mfuko.

"Linanitosha," nikasema, kwa ile sauti ya ghala,
polepole, nikiishika kwa mikono miwili isimwagike,
"linanitosha kabisa, ma..."
na hapo ikaponyoka,
ikapanda, ikapanda, mpaka kule juu ya bati
kwenye jino.

"Huyo," mama akasema. Alikuwa anacheka, au karibu na hapo.
"Huyo ndiye."

Salio likaisha.