Gololi

Shule ya kwanza, Isevya, walisema hasikii kwa ukaidi.
Mwalimu aliupiga ubao kwa rula, darasa zima likaruka,
Nyamizi akaendelea kuchora kuku.
"Sikio la kufa," akasema, methali akaimalizia kwa macho.
Mimi ni fundi baiskeli, hasira yangu huwa ya polepole:
Mwalimu, sikio hili halijakataa dawa.
Dawa yenyewe ndiyo haijaja.

Shule ya pili nafasi ipo, mtaalamu hayupo.
Ya tatu mtaalamu alikuwepo, kahamishiwa Nzega tangu Januari.
Ya nne, mlinzi aliniuliza nimekuja kuuza nini.

Kisha ofisi. Barua ya mtendaji wa mtaa,
picha ndogo nne, nyuma bluu,
muhuri, na muhuri wa kuuthibitisha muhuri,
cheti cha Kitete kwamba masikio yamepimwa;
na siku ya kipimo umeme ulikatika,
tukakaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa tisa,
Nyamizi akihesabu vigae kwa kidole gumba cha mguu.
"Njoo Jumatatu." Jumatatu ipi, sikuuliza.
Kalunde, mke wangu, akasema wanatupiga danadana
na mpira ni mtoto.

Fomu iliuliza: Mtoto anaweza nini?
Wakaacha nusu mstari.

Pale kibandani kwangu Cheyo, chini ya turubai,
nikiipindua baiskeli, nikalizungusha gurudumu,
huweka kiganja kwenye fremu, akafumba macho,
kisha hunishika mkono: hapa.
Nafungua ekseli. Gololi moja imepasuka.
Mimi mwenye masikio mawili sikuisikia.
Wabeba asali wa Urambo humsubiri yeye, si mimi.

Nusu mstari. Nikaandika: anajua gololi.
Karani akacheka, halafu akaacha kucheka.
Akavua miwani. Akasema ana kaka
aliyekulia nyuma ya nyumba pamoja na mbuzi,
hajawahi kuandikwa jina popote.
Akanichorea ramani nyuma ya risiti:
vuka reli, ukuta wa njano, kitengo,
vyumba viwili, ulizia Mwalimu Sikitu.

Tulikwenda alfajiri, mimi kwenye pedali, yeye kwenye keria.
Watoto kumi na saba, madawati tisa, mwalimu mmoja,
na bati linalovuja upande wa hesabu.
Sitasema ilikuwa pepo. Hata chaki walikuwa wanakatiana.
Lakini mle ndani mikono ilikuwa inapiga kelele,
inabishana, inachongea, inacheka,
na Nyamizi akasimama mlangoni
kama mtu aliyesikia anaitwa.

Huu ni mwezi wa tano. Kilomita saba kwenda, saba kurudi,
nauli ni mapaja yangu.
Bado nadaiwa barua moja. Bado Kalunde hulia akifua sare,
sijui ni furaha au ni ile miaka mitatu.

Jana, tukila, akanigusa bega,
akazungusha ngumi mbili mbele ya kifua, moja ikiifukuza nyingine,
akaninyooshea kidole: wewe.
Kumbe ndilo jina langu. Nimepewa huko darasani kwao,
bila picha, bila mtendaji, bila muhuri.
Nikaenda kunawa grisi mikononi
nijifunze kulitamka.