Daftari Kwenye Friza

Baba alilisahau daftari kwenye dashibodi,
Agosti, Nagoya, madirisha yamefungwa,
na lilipotufikia, wiki mbili baada ya maziko,
lilikuwa jeupe kama siku ya kununuliwa.
Mama alilipekua mara tatu.
"Kumbe hakuwa akiandika kitu," akasema,
akaenda kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

Miaka ishirini na sita alikuwa maabara ya wino,
ghorofa ya pili, dirisha linalotazama momiji mmoja,
na kila vuli alirudi na jani mfukoni:
"Jana kijani, leo jekundu, wala hakuna aliyelipaka."
Wenzake walitengeneza vikombe
vinavyochanua maua ukimimina chai.
Yeye alitaka kalamu.
"Nani atanunua wino usio na msimamo?" walimuuliza.

Wino wa kwanza ulifutika kwa pumzi.
Wa pili uliondoka asubuhi, ukarudi jioni bila kuitwa,
kama paka wa Bi Orie wa jirani.
Kuufuta haikuwa kazi;
kazi ilikuwa kuufundisha kubaki huko ulikokwenda.
Mwaka baada ya mwaka aliisukuma mipaka ikatengana:
utoweke kwenye nyuzi sitini, urejee chini ya sifuri,
na katikati pote utulie ulivyoachwa.

Nilikuwa na miaka tisa aliponieleza, kwa maharage matatu:
huyu ni rangi, peke yake haonekani;
huyu ni mwenziwe, wakishikana mikono weusi unazaliwa;
na huyu wa tatu ni kama nta, amelala kati yao.
Wote watatu ndani ya kifuko kidogo kuliko chembe ya unga.
Ukisugua kwa ule mpira mgumu hukwangui chochote,
unapasha moto tu.
Nta inaamka, inayeyuka, inamvuta mmoja pembeni,
inamnong'oneza,
mikono inaachana.
"Mfitini!" nikasema.
Alicheka mpaka akamwaga supu.

Basi nililifunga daftari kwenye mfuko wa nailoni,
nikalilaza kwenye friza, baina ya ngisi na edamame,
nikageuza kitufe hadi mwisho.
Wanaosema maji yakimwagika hayazoleki
hawajalala nyumba moja na friza ile, ikinguruma.

Asubuhi maneno yalikuwa yamerudi.
Yote. Hilo nilikuwa nimelisahau:
baridi haichagui. Huleta alichoandika
pamoja na alichofuta, mstari juu ya mstari,
bei ya matairi juu ya fomula,
fomula juu ya namba ya daktari ambaye hatukuambiwa.

Ukurasa wa arobaini ulianza na jina langu.
Chizuru, siku ya mahafali yako sikuja kwa kuwa
kisha sababu nne, zimelaliana,
kila moja imefutwa ili kuipisha nyingine,
hadi pale mahali pamekuwa lami.
Nilisoma "treni". Nilisoma "aibu".
Nilisoma "mvua", na siku ile haikunyesha.

Mama alisimama nyuma yangu na kikombe.
"Amesema nini?"
Kalamu yake ilikuwa mezani, mpira ukinielekea.
Sekunde tano zingetosha.
"Anasema matairi yamepanda bei," nikamjibu,
nikamrudisha ngisi kwenye friza kabla hajalegea.