Mstari wa Saba

Saa kumi na moja alfajiri simu yangu inatetemeka mezani
kama mtu aliyekatazwa kulia.
"Niko Bombo, mapokezi. Nimekuja na kanga moja."
Namwambia: keti. Usioge. Nakuja.

Njiani nahesabu saa, si zangu, zake:
sabini na mbili za dawa,
na kumi zimeshaliwa na usiku
akisubiri watoto walale.

Daktari Shekiondo atauliza wapi panauma.
Koplo Mwantumu wa dawati atauliza ilikuwa saa ngapi.
Wakili atauliza nani alisikia,
na jirani alisikia,
ila jirani naye ana ndoa yake ya kuchunga.
Ustawi wa jamii: watoto wangapi?
Milango minne, na kila mlango
unataka aanze upya, "Alipoingia ndani..."

Kazi yangu haina koti jeupe wala nyota begani.
Nina kauntabuku, kalamu mbili, vocha ya elfu tano.
Namuuliza: nikubebee?
Anaitikia kwa kichwa.
Naandika mara moja, namsomea, ananisimamisha
pale nilipoandika "waligombana".
"Hatukugombana," anasema. "Nilipigwa."
Nafuta.

Kisha simu.
Koplo, njoo wewe, usimwite yeye Chumbageni;
PF3 ije kwa miguu yako.
(Gari halina mafuta. Natuma bodaboda.)
Wakili, soma hapa kwanza,
ukibakiwa na swali, liwe moja.
Wananuna. Wanakuja.
Maneno yake yamekaa mezani katikati yao,
yeye pembeni anakunywa chai.

Dawa, fomu, wakili, watoto, malazi, nauli.
Mistari sita, alama sita. Nafunga daftari.

"Bado," anasema Mwanamkuu
(jina nililompa mimi; la kweli liko kabatini, kwa kufuli).
"Nyumba ya Makorora ni ya marehemu mama.
Akipata dhamana, ufunguo anao."

Hilo halina fomu. Halina ofisi.
Nachora mstari wa saba:
fundi vitasa, Rehani, Barabara ya Kumi na Tano.

Jioni yuko kizingitini, skrubu mdomoni,
haulizi kitu.
Anamkabidhi funguo tatu.
Anazihesabu. Anazihesabu tena.
Anaingia ndani, nami nabaki barazani
nikisikiliza chuma kikigeuka, ka, ka,
mlango pekee leo
nilioufurahia ulipofungwa usoni pangu.