Kenchi

Mpangapanga huu tuliukata Agosti.
Somoe Likungwa aliupima usawa wa kifua
kwa tepu ya mshonaji,
akagonga nyundo ya kijiji: alama kwenye gogo,
alama kwenye kisiki.

Fundi Chilumba akautamani na wa jirani.
"Huyo mzazi," Somoe akasema.
"Hatuchinji mwenye ndama."

Sasa ni kenchi ya darasa la tatu, huku Liwale.
Mvua ikipiga bati, mbao hulia kidogo,
watoto hutazama juu.
Mwalimu husema zinajinyoosha tu.

Mimi niliyeziranda sina hakika.
Jumamosi nilirudi msituni, panga mkononi.
Kisiki kimetoa machipukizi matatu.
Nikakata mawili;
la tatu nikaliachia jua.